Rula ya Tomaso

Kambi ya Mkonge,
Lindi.
11 Februari 1973

Kwa Abdurahmani, binamu na mtani wangu,

Salamu zikufikie huko Kilwa Kivinje ulikojifungia na milango yako. Mimi mzima, watoto wazima. Mboni wetu mdogo amemaliza kuota meno na anauma kila anayemkaribia, tabia ambayo katika ukoo wetu tunajua imetoka kwa nani. Mume wangu Likwata anakusalimu. Najua hutaitikia, lakini ameniambia niandike, nami naandika. Mfikishie mama yako, mkaza mjomba wangu, shikamoo yangu, na dawa yake ya miguu nimempa utingo wa basi.

Sasa unajiuliza Mwahija anataka nini, maana tangu Idi ya mwaka juzi sijakuandikia. Nataka kazi ya mkono wako. Usivimbe kichwa, nimewauliza wengine kwanza.

Unaikumbuka injini ndogo ya mvuke iliyokuwa ikivuta mkonge kutoka shambani hadi gatini. Ilisimama siku gurudumu lake la mbele, upande wa kulia, lilipopasuka. Wenye shamba wa zamani wakaondoka, shamba likawa la umma, na injini ikawa ya kuku, wanatagia ndani ya tanuri. Sisi watu wa kambi tumeamua kuifufua kwa kujitolea, kila Jumamosi na Jumapili, bila malipo. Likwata, aliyekuwa dereva wake, ndiye kiongozi wetu. Katibu ni mimi. Cheka, ukimaliza uendelee kusoma.

Mabwana wa mkoa wametuambia hivi: injini ikitembea kwa mvuke wake kabla ya mwaka kwisha, reli itabaki na kambi itabaki. Isipotembea itakatwa iuzwe chuma chakavu, reli itang'olewa, na sisi tutahamishiwa vijijini, kila mwenye nyumba kwa kwao. Kwa Likwata ni Likawage. Unajua nilichomwambia siku aliponioa, kwa sababu nilikisema mbele yenu nyote: nitakwenda naye popote, ila Likawage siendi. Sijabadili neno. Na yeye kuishi Kilwa hawezi, mlimwonyesha mapema kwamba machoni penu ni manamba tu, kibarua wa mkonge. Kwa hiyo ninachokuomba si mchezo. Injini ikifa, nyumba yangu nayo inakufa.

Karakana ya misheni moja huko bara imekubali kutusubia gurudumu jipya. Fundi wao wa kusubu anaitwa Tomaso. Kusubu ni hivi, nakueleza kwa sababu wewe hujui kitu kisicho na bawaba: gurudumu linachongwa kwanza kwa mbao. Hilo la mbao linafukiwa ndani ya sanduku la mchanga wenye unyevu, mchanga unashindiliwa, kisha mbao inatolewa polepole. Panabaki shimo lenye umbo lake, na humo ndimo chuma kilichoyeyuka kinamiminwa. Fundi mbao wao amerudi kwao Ulaya, na vijana aliowaacha wanajua madawati tu. Inatakiwa mbao kavu isiyopinda, na mkono usiotetemeka. Mbao unazo, ile mivule aliyoiacha marehemu mjomba darini. Mkono sijui, sijauona siku nyingi.

Kama kazi ni kubwa kwako sema mapema, nimpe fundi Dadi wa hapa Lindi.

Uhuru na Kazi,
Mwahija


Kilwa Kivinje,
4 Machi 1973

Mwahija binti wa shangazi,

Wa aleikum salaam. Mama anasema marahaba. Dawa yako ilifika, ila chupa ilipasuka ndani ya basi, kwa hiyo abiria wote wamepona miguu isipokuwa yeye. Mke wangu wa pili amerudi kwao Mitole tangu mfungo mosi. Usiniambie pole na usicheke. Nyumba ina utulivu.

Usinimalizie tena barua kwa "Uhuru na Kazi". Mimi si ofisi.

Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya kwanza kwa hasira na mara ya pili kuhakikisha kama hasira ilistahili. Ilistahili. Mnakesha juma zima mkingoja Jumamosi ifike mkapanguse mavi ya kuku kwenye chuma cha wakoloni, na hayo mnayaita maendeleo. Sisi Kilwa tuna maboma ya watu wakubwa kuliko hao wenye mkonge, na hakuna anayejitolea kuyafufua. Kitu kikifa kinazikwa, watu wanakula pilau wanakwenda zao. Nyinyi mmekaa na maiti miaka minne, sasa mnaitafutia mguu.

Na uongozi mmempa dereva! Mtu ambaye kazi yake yote duniani ilikuwa kwenda mbele na kurudi nyuma juu ya njia aliyotandikiwa na wengine. Kitu chenyewe hakina hata usukani. Kama huko ndiko kuendesha, basi na mimi naendesha kitanda changu kila usiku.

Habari ya Likawage tuliisikia kabla ya barua yako, mtu alipita akaisema barazani. Mama amekwisha toa magunia katika chumba cha uani na amekifagia. Anasema Mwahija atarudi na wanawe kabla ya mvua za vuli. Mimi sikumkataza. Chumba ni chake na ufagio ni wake.

Kazi nitaifanya. Usidhani ni kwa ajili ya injini, wala huyo mtu wako wa Likawage. Nitaifanya kwa sababu umemtaja Dadi. Dadi alimtengenezea mwalimu mmoja kabati, likasimamishwa ukutani, mlango ukafunguka wenyewe, na haujafungika mpaka leo. Mwalimu anaufunga kwa kamba ya mbuzi. Siwezi kulala Kilwa hapa nikijua kwamba Lindi kuna duara linachongwa, na anayelichonga ni Dadi.

Lete vipimo.

Abdurahmani


Kambi ya Mkonge,
Lindi.
29 Aprili 1973

Abdurahmani,

Barua yako ilikwama Mbwemkuru pamoja na basi, mto umejaa. Imefika na tope, lakini matusi yanasomeka yote, hata moja halikufutika. Sisi wazima. Mboni ameacha kuuma, sasa anatukana, kwa hiyo damu yako inaendelea kumpanda. Kikohozi cha Likwata kimepoa. Mwambie mkaza mjomba apumzike na ufagio, miguu yake bado haijapona.

Ndani ya bahasha kuna mchoro, Likwata aliuchora akilipima gurudumu la upande wa pili lililo zima. Kwenye hicho kitambaa kuna rula ya Tomaso. Kila kipimo cha mchoro ukipime kwa rula hii na si kwa nyingine. Usiulize kwa nini. Hutaelewa, na mimi sina karatasi ya kumfundishia mtu mzima.

Jingine, Tomaso anataka kuta za gurudumu zilale kidogo, upande mmoja uwe mpana kuliko wa pili, ili mbao itoke mchangani bila kuubomoa. Hilo najua litakuuma. Lifanye hivyo hivyo.

Ukimaliza usilete Lindi. Lori la misheni huja Kivinje kuchukua chumvi, na likirudi bara halipiti huku mjini. Dereva wake anamjua Tomaso, atamkabidhi mkononi.

Kama umekwisha anza kukasirika, anza na kazi, hasira itakungoja.

Mwahija


Kilwa Kivinje,
27 Mei 1973

Mwahija,

Salamu kwako na kwa watoto. Mbuzi wa jirani amekula nusu ya mkeka wa Mama, na Mama amemla nusu ya mbuzi, kwa hiyo hapa hatudaiani. Miguu yake inampeleka hadi uani na kumrudisha, na uani ndiko kwenye kile chumba, ndiyo maana haachi kufagia.

Gurudumu lenu limekwisha. Jana limepakiwa katika lori la chumvi, limefungwa na majani makavu kama bibi harusi.

Nimeutia huo mlalo. Maisha yangu yote nafukuza mlalo katika milango ya watu, leo naombwa niutie kwa makusudi, tena na watu wasiojua kushika randa. Nilifumba jicho moja nikauchonga. Duara lenyewe, zungusha mkono wako ukitaka, hutaona pa kugota. Nimelipiga msasa mpaka nzi akitua anateleza.

Sasa nije kwenye rula. Nilipoilaza kando ya rula ya marehemu baba nilicheka mpaka Mama akatoka jikoni akiwa na mwiko. Rula ya Tomaso wenu ni ndefu. Inchi zake zote zimevimba, kila moja kidogo, kwa ustadi, mtu asiyejua vipimo hawezi kuona. Nikawakumbuka wale wauza vitambaa wa hapa Kivinje waliokuwa na yadi mbili, fupi ya kuuzia na ndefu ya kununulia. Baba aliivunja mojawapo gotini mbele ya mwenyewe, mchana kweupe, na hakuna aliyemlaumu. Sijui huko misheni wananunua nini kwa rula hii. Labda mahindi ya wakulima.

Mimi kipimo cha wizi sikitumii, hata kwa kitu kinachokwenda kufukiwa mchangani. Mchoro unasema inchi ishirini na nne, nami nimechonga inchi ishirini na nne za halali kwa rula ya baba. Ya Tomaso nimeitundika juu ya mlango wa karakana, wateja waione wacheke.

Mwambie dereva wako atakuwa na gurudumu moja la haki katika injini nzima.

Abdurahmani


Kambi ya Mkonge,
Lindi.
8 Julai 1973

Abdurahmani,

Kama uliandika barua, haijafika. Posta wanasema mfuko mmoja wa Kilwa ulipelekwa Mtwara kwa makosa, wanautafuta. Sina haraka, najua mna nini ndani yake. Mpe mkaza mjomba shikamoo. Watoto wazima, mimi nimekonda kidogo, ni kwa kazi na si kwa njaa, usije ukamtia mama yako maneno.

Gurudumu lako lilifika kwa Tomaso salama. Alipolitoa mchangani alisema hajapata kuona mbao laini namna ile, halikuondoka na hata punje moja. Nakuambia kwa sababu ni kweli, si kwa sababu nataka ufurahi.

Chuma tumekikusanya wenyewe, nyumba kwa nyumba. Miguu ya vyerehani vibovu, kinu cha mashine ya kusaga iliyokufa, pasi za mkaa zilizopasuka. Pasi yangu haikuwa imepasuka, lakini nilikuwa katibu na watu walikuwa wananitazama, basi nikaitoa. Sasa Likwata anakwenda msikitini na kanzu yenye mikunjo, na anasema haoni tofauti. Huyo ndiye mume wangu.

Wamemimina chuma Jumatano. Likwata alikuwepo. Amerudi nyusi zimeungua, anapiga mluzi tangu alfajiri, na mtu huyu sijamsikia akipiga mluzi tangu injini iliposimama. Linapoa na kusafishwa, juma lijalo litaletwa. Mwambie mkaza mjomba arudishe magunia yake chumbani.

Nimefurahi, Abdurahmani. Nakuandikia hivyo kwa sababu leo sina nafasi ya kukutukana. Nitafidia.

Mwahija


Kambi ya Mkonge,
Lindi.
19 Julai 1973

Abdurahmani,

Salamu zangu ni kwa mama yako peke yake.

Gurudumu lililetwa jana. Barua yako ya Mei imeletwa leo saa nne. Ningeipata kabla ya ile Jumatano ningekwenda kwa miguu mpaka karakana, nikakaa juu ya mchanga, wasimimine.

Gurudumu ni dogo. Limepungua robo inchi. Likwata alilipima, akapima la upande wa pili, akalipima tena. Kisha akaketi juu ya reli akavua kofia. Injini haiwezi kwenda na mguu mmoja mfupi, na mashine ya kuyachonga mengine yalingane hatuna. Mabwana wa mkoa walikuwa wamekuja kushuhudia. Mmoja aliuliza kama gurudumu letu jipya ni la baiskeli, na wenzake wakacheka mpaka wakapanda gari lao. Likwata hakusema neno lolote juu yako. Ningependa angesema.

Sikiliza basi, wewe unayejua kila kitu. Chuma cha moto kimevimba, kikipoa kinanywea. Kila kitu kinachosubiwa hutoka kidogo kuliko shimo lake. Kwa sababu hiyo mafundi wa kusubu wana rula yao, ndefu kwa kiasi kilekile cha kunywea, ili mbao iwe kubwa na chuma kitoke sawasawa. Haikuwa rula ya mwizi. Ni wewe unayemwona kila mtu mwizi isipokuwa marehemu baba yako, na sasa umetuibia sisi, kwa rula ya halali.

Utasema sikukueleza. Ni kweli sikukueleza. Niliona ni kazi bure, nikakupa rula kama mtu anavyompa mtoto kijiko.

Nakuuliza neno moja na unijibu kwa wino. Ulikuwa hujui, au ulijua? Kwa sababu injini isipotembea, nyumba moja tu inapata, na nyumba hiyo imekwisha fagiwa.

Mwahija


Kambi ya Mkonge,
Lindi.
2 Septemba 1973

Kwa Abdurahmani,

Hatujambo. Mkaza mjomba shikamoo.

Hujajibu. Nilidhani umekufa, lakini mtu wa Kivinje aliyeteremka hapa amesema uko hai, na kwamba chumba cha uani kimepakwa chokaa. Nikamwuliza nani amekipaka, maana mkaza mjomba hawezi kupanda ngazi. Akaangalia pembeni.

Wanunuzi wa chuma chakavu wamekuja. Wameandika namba kubwa nyeupe ubavuni mwa boila. Watoto wanafikiri ni pambo.

Bruda wa misheni amemruhusu Tomaso atumiminie mara moja tu nyingine, kabla makaa yao ya mawe hayajaisha. Litayeyushwa lilelile dogo, tuongeze na pasi za majirani waliobaki nazo. Mbao ifike kwake kabla ya mwezi wa Ramadhani kwisha. Ya kwanza haifai tena, huwezi kukuza mbao. Nimemwendea Dadi. Mbao yake ni mbichi, ukiibonyeza inatoa machozi, lakini amekubali na hakunitukana.

Likwata ameanza kufunga vitu vyake katika boksi. Vyake tu. Vyangu na vya watoto hajavigusa, na mimi sijavigusa. Jambo lenyewe hatulizungumzi. Tukikaa kula ananiomba chumvi, nampa, basi.

Sikuombi kitu. Nakuarifu.

Mwahija


Kilwa Kivinje,
9 Oktoba 1973

Mwahija,

Nimefunga, kwa hiyo matusi yamepungua. Yaliyobaki nitayalipa baada ya Idi. Mama anafunga pia, ingawa nimemkataza, na jioni anafuturu kwa uji na kunilaumu. Anakupa marahaba mbili, moja ya barua ya Julai ambayo sikumsomea.

Umetaka jibu la wino. Sikujua. Mimi ni seremala wa milango, sijui chuma kikipoa kinafanya nini, na sikuwa na sababu ya kujua. Mistari minne uliyoniandikia kwa hasira Julai ilinielewesha palepale. Ungeiandika Aprili tusingefika hapa. Lakini wewe uliona heri kambi nzima ihamishwe kuliko kumweleza Abdurahmani kitu. Hiyo ndiyo akili ya katibu.

Hayo ni ya swali lako. Sikukujibu upesi kwa sababu kulikuwa na swali jingine ambalo hukuliuliza, na mimi nilikuwa na jibu lake. Niliposoma kwamba gurudumu ni dogo nilifurahi. Nilifurahi siku nyingi, Mwahija. Nilinunua chokaa, nikapaka chumba mwenyewe. Nikachonga mlango mpya, si wa fahari, lakini mzuri, nikatia na maua kidogo pembeni. Siku ya kutia bawaba nikaketi na nyundo mkononi nikaona ninachofanya. Ninamtilia mlango mwanamke anayekuja kwa sababu chuma kimepungua robo inchi. Hakuja kwa ajili yangu zamani, na safari hii asingekuja kwa ajili yangu vilevile. Angekaa humo akinitazama kila asubuhi kama mlivyolitazama gurudumu lile. Nimekuwa na wake wawili walionitazama hivyo, sihitaji wa tatu.

Nilikupenda wewe tangu tukiwa chuo cha Kurani tunachapwa kwa pamoja, na ukoo mzima unajua, kwa hiyo sikwambii siri. Lakini sitaki kuletewa mtu na rula.

Gurudumu la pili liko tayari. Nimelichonga kwa rula yenu ndefu, inchi kwa inchi, na kila inchi niliona haya. Nimelipima mara nyingi kuliko mlango wowote niliopata kuutengeneza. Mivule ya baba imekwisha, dari iko tupu, panya wanashangaa. Kesho linapanda lori la chumvi pamoja na rula yenyewe, mrudishieni Tomaso.

Mwambie Dadi arudi kwenye kabati lake.

Na usije ukadhani nimelifanya kwa ajili ya huyo dereva.

Abdurahmani


Kambi ya Mkonge,
Lindi.
16 Desemba 1973

Binamu yangu Abdurahmani,

Salamu nyingi, na mkaza mjomba nambusu mikono. Watoto wazima. Mboni ameshika kaa la moto akidhani ni la kuchezea, ana lengelenge kidoleni na anamwonyesha kila mgeni.

Imetembea.

Ilikuwa Jumamosi iliyopita. Tuliwasha kuni mapema, mvuke ukapanda vizuri, Likwata akasimama tayari. Ndipo Bwana Maendeleo wa mkoa akaomba kusema maneno machache. Alipofika kwenye umuhimu wa chuma katika historia ya mwanadamu mvuke ulikuwa umekwisha shuka. Tukatia kuni upya. Watu wakapiga makofi ili anyamaze, akadhani wamependezwa, akaongeza. Mara ya pili mvuke ulipopanda Likwata hakungoja mtu, alipiga honi katikati ya sentensi yake.

Ikaenda mpaka ghala la kupimia mkonge, ikarudi. Si mbali, unaweza kutema mate njiani mara mbili ukafika. Lakini ilikwenda kwa mvuke wake, na mabwana wa mkoa waliona kwa macho yao, na hakuna aliyetaja baiskeli. Reli inabaki. Kambi inabaki. Lile boksi la Likwata amelipasua mwenyewe, akalitia katika tanuri la injini pamoja na kuni nyingine. Jioni aliniomba chumvi, nikampa, tukaangua kicheko sote wawili, watoto wakadhani tuna wazimu.

Tomaso anakusalimu. Anasema gurudumu la pili limetoka sawa kabisa, na angependa kukuona mtu mwenyewe, ajue mtu mkaidi anafananaje.

Yale mengine uliyoandika Oktoba nimeyasoma. Sitayajibu, Abdurahmani, kwa sababu sina la kujibu ambalo hulijui. Asante. Nimeliandika mara moja, usilikuze.

Likwata anasema siku ile alimwona mtu nyuma ya ghala, kofia imekaa upande kama unavyovaa wewe. Alipomtuma mtoto amwite hakumkuta. Nimemwambia haiwezekani. Abdurahmani hawezi kukaa kutwa ndani ya basi kuja kuangalia chuma cha wakoloni, na kama angekuja, asingeondoka bila kula kwetu na kukisema vibaya chakula changu. Nimesema kweli?

Mwahija


Kilwa Kivinje,
13 Januari 1974

Binamu Mwahija,

Idi tumeila salama, ingawa nyama ilikuwa ngumu na mchinjaji ndiye aliyekula laini. Mama anakusalimu na watoto. Miguu yake imekubali mafuta ya nyonyo, yaliyokuwa hapa nyumbani siku zote, kwa hiyo dawa zako za basi unaweza kuacha.

Kumwambia Tomaso ninafananaje ni rahisi: mwambie sifanani na yeyote anayemjua.

Huyo mtu wa nyuma ya ghala si mimi. Siku ile nilikuwa hapa Kivinje, nina kazi ya watu. Vichwa vinavyovaa kofia upande viko vingi pwani hii, na Likwata alikuwa na moshi machoni. Mwambie aangalie njia yake, hata kama njia yenyewe haina kona.

Mwambie pia asifungue mvuke kwa pupa anapoondoka. Magurudumu yalizunguka palepale kabla hayajashika reli, na wale vijana juu ya mwembe wakamcheka. Amwage mchanga kidogo juu ya reli kwanza. Kitu kimechongwa kwa shida, si cha kusagwa hovyo mbele ya wageni.

Na wewe usisimame tena karibu na tanuri na ile kanga ya njano. Cheche mbili zilikurukia begani ukawa huna habari, kwa jinsi ulivyokuwa ukicheka.

Abdurahmani